Sigara: barua kwa madaktari 59,600

Ndugu msikilizaji, juma lililopita nilipata barua kutoka kwa msikilizaji mwenzako, dereva wa lori, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa hakunipa ruhusa. Anasema ana umri wa miaka 51, amevuta sigara tangu akiwa utingo wa miaka 19, na sasa binti yake anamsumbua aache. Ananiuliza mambo mawili. La kwanza: "Mzee, babu yangu alivuta kiko mpaka akafa na miaka yake tisini na ushei. Hao wanaosema tumbaku inaua, wamelijuaje?" La pili ndilo lililonifanya niketi chini niandike: "Na kama kweli inaua, mimi niliyekwisha kuvuta miaka 32, nikiacha leo nitaokoa nini?"

Ni maswali ya haki. Sitayajibu kwa mahubiri, maana mvutaji amehubiriwa vya kutosha, na lile onyo lililoandikwa kwenye pakiti analisoma kila siku huku akitafuta kiberiti. Nitayajibu kwa historia. Maswali yote mawili yalikwisha kuulizwa na watu wengine kabla yake, yakafanyiwa kazi kwa miaka 50 mizima, na majibu yake yapo kwa hesabu.

Tuanze na kiko cha babu. Tumbaku asili yake ni Amerika, na ilisambaa duniani baada ya safari za Columbus. Huku kwetu imekaa karne kadhaa. Wazee wameivuta kwa kiko na kwa buruma, wameinusa ikiwa ugoro, wameitafuna pamoja na tambuu. Moshi wa kiko ni mkali, na kwa kawaida mvutaji huuzungusha kinywani akautoa, haushushi mpaka chini mapafuni. Sisemi kwamba kiko ni salama, kwa kuwa saratani ya kinywa nayo ipo, lakini sigara ni kitu kingine, na tena ni kitu kipya. Mpaka miaka ya 1880 sigara zilisokotwa kwa mkono, moja moja. Mwaka 1881 Mmarekani James Bonsack alipata hati ya kumiliki uvumbuzi wa mashine iliyoweza kutoa takriban sigara 120,000 kwa siku ya kazi ya saa kumi. Mfanyabiashara James Duke akazichukua mashine hizo, na sigara ikawa kitu rahisi cha kununuliwa na kila mtu. Moshi wake ulikuwa laini, unashuka mpaka ndani ya mapafu bila kukohoza sana. Zikaja vita mbili kuu, askari wakagawiwa sigara pamoja na mikate. Ilipofika mwaka 1948, kule Uingereza wanaume wanane kati ya kumi walikuwa wavuta tumbaku, na wengi wao walivuta sigara.

Sasa sikiliza upande wa pili. Mwaka 1912 daktari mmoja wa New York, Isaac Adler, aliandika kitabu kizima juu ya saratani ya mapafu, na mwanzoni tu akajiuliza kama inafaa kutumia wino kwa ugonjwa adimu kiasi kile. Miaka 35 baadaye hakuna daktari ambaye angeuliza hivyo. Katika Uingereza na Wales, vifo vya saratani ya mapafu vilivyoandikishwa mwaka 1922 vilikuwa 612. Mwaka 1947 vilikuwa 9,287. Yaani viliongezeka mara kumi na tano katika robo karne.

Wakubwa wa afya wakashtuka. Baadhi walisema hakuna kilichoongezeka, ni mashine za eksirei tu zilizoboreka, zinaona kilichokuwa kikifichika. Wengine walishuku moshi wa viwanda na wa makaa ya mawe. Wengine walishuku magari. Baraza la Utafiti wa Tiba la nchi hiyo likampa kazi Austin Bradford Hill aitafute sababu, naye akamchukua daktari kijana aitwaye Richard Doll amsaidie.

Watu hawa wawili wanastahili maneno machache. Hill alikuwa rubani katika Vita Kuu ya Kwanza, akaugua kifua kikuu, akalala miaka kitandani, na ndoto yake ya kuwa daktari ikaishia hapo. Akasoma uchumi kwa njia ya posta, kisha akageukia takwimu. Ndiye aliyepanga hesabu za jaribio la dawa ya streptomycin lililotangazwa mwaka 1948, lililoonyesha kwamba ugonjwa uliomlaza yeye unatibika. Doll alikuwa daktari kamili, mvutaji wa sigara, na alipoanza kazi ile yeye mwenyewe hakuishuku sigara hata kidogo. Alidhani mkosaji atakuwa lami. Barabara za Uingereza zilikuwa zimewekwa lami katika miaka ile ile ambayo vifo vilipanda, na ilijulikana kwamba lami inasababisha saratani ya ngozi.

Walichofanya ni jambo la kawaida mno. Katika hospitali 20 za London walitafuta wagonjwa wa saratani ya mapafu, na kwa kila mmoja wakatafuta mgonjwa mwingine wa jinsi ile ile na umri ule ule aliyelazwa kwa ugonjwa tofauti. Akina mama wa ustawi wa jamii wakapita vitandani na fomu, wakiuliza: unakaa wapi, unafanya kazi gani, unapasha nyumba moto kwa nini, unavuta sigara ngapi, ulianza lini, uliwahi kuacha? Walipochapisha matokeo katika jarida la madaktari wa Uingereza tarehe 30 Septemba 1950, walikuwa na wagonjwa 709 kila upande. Kati ya wanaume 649 wenye saratani ya mapafu, wasiopata kuvuta walikuwa wawili tu. Wawili! Upande wa wagonjwa wengine wasiovuta walikuwa 27. Na kadiri mtu alivyovuta zaidi ndivyo hatari ilivyopanda, hata wakakisia kwamba mwenye zaidi ya miaka 45 anayevuta sigara 25 au zaidi kwa siku huenda ana hatari mara 50 kuliko asiyevuta.

Mimi si daktari, lakini kuna jambo moja katika utafiti ule ambalo huwa nalirudia kila nipatapo nafasi. Mtu angeweza kusema: wale akina mama walijua nani anashukiwa kuwa na saratani, basi labda walimkazia maswali ya sigara kuliko mwingine. Ni pingamizi zito. Lakini baadhi ya wagonjwa waliohojiwa kama wenye saratani ya mapafu walikuja kugundulika baadaye kwamba hawakuwa nayo, madaktari walikosea. Doll na Hill wakawatenga watu hao wakaangalia majibu yao. Uvutaji wao ulifanana na wa wagonjwa wa kawaida, haukufanana na wa wenye saratani. Kosa la madaktari likawa ndiyo mizani ya kupimia ukweli wa fomu. Doll aliacha sigara kabla utafiti haujakwisha.

Hawakuwa peke yao. Miezi michache kabla, Mei 1950, mwanafunzi wa udaktari Ernst Wynder na mpasuaji mashuhuri Evarts Graham walitoa matokeo kama hayo huko Marekani. Graham alikuwa mtu wa kwanza kufaulu kuondoa pafu zima la mgonjwa wa saratani, mwaka 1933, na alikuwa mvutaji mkubwa. Hesabu zake mwenyewe zilimshawishi akaacha. Saratani ya mapafu ilimwua mwaka 1957. Na Wajerumani walikuwa wameandika habari hizo mapema zaidi, mwaka 1939 na 1943, lakini katika kelele za vita nani angewasikia?

Pamoja na yote hayo, watu wengi hawakuamini. Ndipo Hill alipopata wazo ambalo naliona ni la akili kubwa. Alisema: tuache kuwauliza wagonjwa yaliyopita. Tuwaulize watu wazima wenye afya leo, tuandike wanavuta nini, halafu tungoje tuone nani atakufa na kwa ugonjwa gani. Watu gani? Madaktari. Wameandikishwa wote, anwani zao zinajulikana, wakifa habari zao hupatikana, na tena wao ndio waliokuwa wabishi kuliko wote. Mwisho wa Oktoba 1951 barua zikapelekwa kwa madaktari 59,600 wa Uingereza zikiwa na maswali machache mepesi. Zaidi ya 40,000 wakajibu ipasavyo, miongoni mwao wanaume 34,439.

Fikiria jambo hilo, ndugu msikilizaji. Daktari anakaa mezani kwake, sigara mkononi, anajaza fomu itakayotumika siku moja kuhesabu kifo chake.

Hawakungoja sana. Juni 1954, baada ya miezi 29 tu, vifo vya saratani ya mapafu kati yao vilikuwa 36, na wote 36 walikuwa wavutaji. Miezi minne nyuma, Waziri wa Afya wa Uingereza, Iain Macleod, alikuwa ametangaza kwamba uhusiano kati ya sigara na saratani ya mapafu unaonekana kuwa wa kweli. Alipozungumza na waandishi wa habari siku hiyo alivuta sigara moja baada ya nyingine. Na hazina ya serikali yake ilitegemea sana ushuru wa tumbaku.

Hapa nitamjibu dereva wangu swali la kwanza. Babu yake simkatai. Tukiwahesabu wale madaktari mpaka mwisho, kama nitakavyoeleza, tunaona kwamba kati ya wavutaji wawili wasioacha, mmoja huuawa na tumbaku na mwingine hufa kwa jambo jingine. Huyo wa pili ndiye anayekaa barazani na miaka tisini, watu wakimwonyesha kidole. Aliyekufa na miaka 45 hakuacha wajukuu wa kumsimulia. Ndiyo sababu jambo kama hili haliwezi kuamuliwa kwa kumtazama mzee mmoja. Lilihitaji maelfu, kalamu na uvumilivu.

Wenye viwanda walikuwa wanafanya nini wakati huo? Desemba 1953 wakuu wa kampuni kubwa za sigara za Marekani walikutana katika hoteli ya Plaza, New York, wakakodi kampuni ya kutengeneza sifa. Tarehe 4 Januari 1954 wakatoa tangazo katika magazeti zaidi ya 400 wakisema wanaona afya ya watu ni jambo la kwanza kuliko biashara, kwamba wataalamu hawajakubaliana, na kwamba wao wenyewe watagharimia utafiti. Tangazo lilikuwa na lugha ya upole kweli kweli. Miaka mingi baadaye, mahakama za Marekani zilipoyatoa hadharani makaratasi yao ya siri, iliopatikana miongoni mwake ni karatasi ya mwaka 1969 ya kampuni ya Brown & Williamson iliyoeleza waziwazi kwamba bidhaa yao ni shaka. Mtu hahitaji kuaminishwa kwamba sigara ni salama. Akiambiwa tu "bado wanabishana" atawasha nyingine. Agosti 2006 Jaji Gladys Kessler aliamua kwamba kampuni hizo ziliwadanganya wananchi wa Marekani kwa miongo mingi.

Shaka haikutoka kwa waongo peke yao. R. A. Fisher, mmoja wa waasisi wakubwa wa takwimu duniani, mtu ambaye hesabu zake zinafundishwa vyuoni mpaka leo, alisimama kuwapinga Doll na Hill. Alikuwa mvuta kiko, na alilipwa kama mshauri wa watengenezaji wa sigara. Lakini hoja yake haikuwa ya kijinga. Alisema kwamba mambo mawili kwenda pamoja hakuthibitishi kwamba moja limezaa lingine. Labda, alisema, kuna urithi wa damu unaomfanya mtu apende sigara, na urithi huo huo ndio unaomletea saratani. Kama ni hivyo, sigara haina kosa.

Utamjibuje mtu kama huyo? Huwezi kuwalazimisha watu nusu wavute na nusu wasivute, ukangoja wafe. Jibu likatoka mahali ambapo Hill hakuwa amepatengeneza. Madaktari waliosoma matokeo yao wenyewe walianza kuacha sigara, kwa maelfu, wakati wananchi wengine wa Uingereza waliendelea kuvuta. Na katika matokeo ya miaka kumi, yaliyotolewa mwaka 1964, vifo vya saratani ya mapafu miongoni mwa madaktari vilikuwa vinashuka, wakati vya wanaume wengine wa nchi ile vilikuwa vinapanda. Urithi wa damu haumtoki mtu kwa sababu amezima sigara. Fisher hakuyaona hayo, alifariki mwaka 1962.

Mwaka huo wa 1962 Chuo cha Kifalme cha Matabibu cha London kilitoa ripoti yake kikiitaka serikali izuie matangazo na ipandishe ushuru. Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani, Luther Terry, akafuata tarehe 11 Januari 1964. Alichagua Jumamosi ili soko la hisa lisitikisike. Matangazo ya sigara yaliondolewa katika televisheni ya Uingereza mwaka 1965 na ya Marekani mwaka 1971. Hesabu mwenyewe miaka tangu Septemba 1950.

Doll hakuacha kuwahesabu madaktari wake. Kila baada ya miaka kadhaa fomu zilitumwa tena: bado unavuta? Uliacha lini? Hill alifariki mwaka 1991, Doll akaendelea pamoja na Richard Peto wa Oxford. Tarehe 26 Juni 2004, miaka 50 kamili tangu ile taarifa ya kwanza, matokeo ya mwisho yalitoka katika jarida lile lile. Doll alikuwa na umri wa miaka 91. Kati ya wanaume 34,439 walioandika majibu, 25,346 walikuwa wamekufa. Wavutaji waliozaliwa kati ya mwaka 1900 na 1930, wasioacha, walikufa kwa wastani miaka kumi kabla ya wenzao wasiovuta. Wenzao hao walikuwa madaktari vile vile, wenye mishahara ile ile na elimu ile ile.

Na sasa swali la pili la dereva. Doll na Peto waliwatenga walioacha kwa umri waliokuwa nao walipoacha. Aliyeacha akiwa na miaka 60 alipata, kwa wastani, miaka 3 kuliko aliyeendelea. Aliyeacha na 50 alipata miaka 6. Aliyeacha na 40 alipata 9. Aliyeacha na 30 aliokoa karibu yote kumi. Ndugu yangu dereva, wewe una 51. Ni wastani, siyo hundi ya benki, na hakuna atakayekuahidi hiyo sita mkononi. Lakini ulichouliza ni utaokoa nini, na jibu lililopatikana kwa kuwafuata watu nusu karne ni kwamba ni muda wa kutosha kumwona mjukuu anaingia darasa la kwanza na kufika la sita.

Utaniambia hao walikuwa Waingereza. Basi tutoke London twende Urambo, mkoani Tabora, kwa sababu miaka ile ile ilituachia alama huku pia. Wazee wanaukumbuka mpango wa karanga wa Waingereza uliofanyika Kongwa, Nachingwea na Urambo tangu mwaka 1947, ambao ulishindwa vibaya na kufutwa mwanzoni mwa mwaka 1951. Urambo, mahali pa karanga pakapandwa tumbaku. Kwa hiyo katika miaka ambayo Doll alikuwa anafungua bahasha za madaktari wake, mashamba ya tumbaku ya Tabora yalikuwa yanafyekwa na mabani ya kukaushia yanajengwa. Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, kiwanda cha sigara cha Dar es Salaam kikaanza. Mkulima wa Urambo simlaumu. Alipewa zao lililomlipia karo na kumwezekea nyumba kwa bati, na hakuna aliyemtumia jarida la madaktari. Waliolisoma walikuwa wengine.

Kwa bahati sisi hatujafika walikofika wao. Uchunguzi wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba Tanzania Bara na Visiwani watu wazima wanaotumia tumbaku ya aina yoyote walikuwa karibu 9 kati ya 100, na Kenya mwaka 2014 walikuwa karibu 12. Linganisha na Uingereza ya mwaka 1948. Mwenye bidhaa ya kuuza akiangalia tarakimu hizi haoni afya njema, anaona soko ambalo bado halijajaa. Ndiyo maana sheria za tumbaku za Tanzania ya mwaka 2003, Kenya ya mwaka 2007 na Uganda ya mwaka 2015 zina maana kuliko zinavyopewa, na ndiyo maana zimepigwa vita. Kanuni za Kenya za mwaka 2014 zilipingwa na kampuni ya sigara ngazi kwa ngazi mpaka Mahakama ya Juu, ambayo iliikatalia mwaka 2019.

Tena kwetu, wa kuogopwa zaidi huenda siyo saratani. Mwaka 2003 watafiti wa Chennai, India, pamoja na yule Richard Peto, walichunguza vifo vya wanaume 43,000. Waliona kwamba wavutaji hufa kwa kifua kikuu kuliko wasiovuta, tena kwa tofauti kubwa, hata wakakadiria kwamba karibu nusu ya vifo vya wanaume wa India kwa kifua kikuu vinatokana na kuvuta. Katika nchi zetu, ambako kikohozi kinajulikana kila mtaa, hilo ni jambo la kufikiriwa.

Nisimalize kama vile kuacha ni kuzima swichi. Anayesema hivyo hajavuta. Daktari wa magonjwa ya akili wa London, Michael Russell, alieleza mwaka 1976 kwamba watu huvuta kwa ajili ya nikotini lakini huuawa na lami iliyomo ndani ya moshi. (Kumbe Doll hakukosea sana, lami ilikuwamo, ila haikuwa ya barabarani.) Nikotini humfunga mtu kwa kamba halisi: akiikosa hukasirika, hushindwa kukaza mawazo, usingizi humpaa. Basi Russell akafanya jaribio lililotangazwa mwaka 1979 ambalo ningependa kila mganga wa zahanati alijue. Alichukua madaktari 28 wa mitaani na wagonjwa wao zaidi ya 2,000 waliokuwa wavutaji. Wengine hawakuambiwa lolote. Wengine waliambiwa na daktari, kwa dakika moja au mbili, waache, wakapewa karatasi ya maelezo na kuambiwa kwamba watafuatiliwa. Baada ya mwaka, kati ya kila 1,000 wa kundi la kwanza walioacha mwezi ule wa mwanzo na kudumu walikuwa 3. Kati ya kila 1,000 wa kundi la pili walikuwa 51. Ni wachache, ndiyo, tisa na nusu kati ya kila kumi walishindwa. Lakini zilikuwa dakika mbili tu, bila sindano wala kidonge.

Dawa nazo zikaja. Mwaka 1967 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, Claes Lundgren, alimwandikia rafiki yake Ove Fernö, aliyekuwa kiwandani kwa watengeneza dawa, kwamba mabaharia wa nyambizi, ambao hawaruhusiwi kuvuta chini ya maji, hutafuna tumbaku na kiu inatulia. Kutokana na hapo Fernö akatengeneza chingamu yenye nikotini, iliyoruhusiwa kwanza Uswisi mwaka 1978. Inampa mvutaji nikotini bila moshi, naye huipunguza polepole. Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za namna hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, na mwaka 2021 likaongeza vidonge vya bupropion na varenicline. Katika maduka yetu mengi ya dawa ukiiulizia chingamu hiyo utaonyeshwa bazoka, na ukiipata bei yake kwa siku inaweza kuishinda pakiti ya sigara. Hapo ndipo ningewaomba wanaopanga ushuru watazame tena.

Kwa dereva na wenzake, yanayofahamika ni haya: panga siku, waambie watu wa nyumbani na wa kijiweni, usibaki na hata moja mfukoni kwa ajili ya dharura, na ukianguka anza upya, kwa maana wengi wa walioacha walijaribu mara kadhaa kabla ya kufaulu. Ukienda hospitali kwa jambo lolote, mwambie daktari kwamba unavuta hata kama hakukuuliza.

Kwa leo muda wangu umekwisha. Juma lijalo, tukijaliwa, nitazungumzia risasi iliyokuwa ikitiwa katika petroli, na kwa nini dunia ilichukua mpaka mwaka 2021 kuiondoa katika kituo cha mwisho.